Kuinua Mkono Mara ya Pili

Leo nina neno na watu wetu waliovaa gwanda la Marekani, wale walioko Fort Hood kule Texas, walioko Lewis-McChord karibu na Tacoma, na wengine waliotawanyika hadi Ujerumani na Korea. Nina neno pia na mama, baba na wajomba waliobaki Kitale, Mwanza na Bukavu, kwa sababu katika shauri hili la kuongeza mkataba au kutoka, wapende wasipende, na wao wamo.

Mwanajeshi wa Marekani haajiriwi maisha. Tangu 1973, nchi hiyo ilipoacha kuandikisha vijana kwa lazima, askari wa kawaida huingia kwa hiari na kwa mkataba wa miaka michache: mitatu, minne, wengine sita. Mkataba ukikaribia kwisha, huitwa ofisini kwa sajenti ambaye kazi yake ni kuwafanya watu wabaki. Huyo si tapeli. Wengi wao ni watu wema, tena wanavijua vipengele vya mkataba kuliko wakili. Ila amepangiwa idadi ya kufikisha, na jina lako limo kwenye orodha yake. Swali lake ni fupi: unaongeza, au unatoka?

Nimesikia swali hili likijadiliwa sana na watu wetu, kwenye nyama choma, kwenye vikao vya harambee, kwenye simu za usiku. Karibu kila mara huongelewa kama suala la fedha au suala la ujasiri. Mimi naona kuna jambo linatangulia yote mawili, nalo ni sababu iliyomwingiza mtu jeshini tangu mwanzo.

Watu wetu wengi hawakuingia kwa kupenda kwata. Waliingia kwa ajili ya karatasi. Mnamo Julai 2002, Rais George W. Bush alitangaza kwamba, kwa shughuli za uraia, Marekani ihesabiwe kuwa vitani tangu Septemba 11, 2001. Maana yake kwa mwenye kadi ya kijani ilikuwa kubwa: badala ya kusubiri miaka mitano, aliyetumikia jeshi angeweza kuomba uraia mapema mno. Mwaka 2009, kule Fort Jackson, South Carolina, ulianza utaratibu wa kuwapa makuruta uraia wao wakati wanahitimu mafunzo ya awali. Mwaka huohuo ukaja mpango mwingine, uliowaruhusu hata wageni wasio na kadi ya kijani, wenye viza ya masomo kwa mfano, kujiandikisha iwapo walikuwa matabibu au walijua lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha hiyo. Wakenya wenye digrii zao waliingia humo kama askari wa chini kabisa, wakapangwa bohari au jikoni, na hawakulalamika, kwa kuwa walijua walichofuata. Mpango ule ulisimamishwa 2016, na wapo walioachwa njiani wakisubiri uchunguzi wa usalama mwaka baada ya mwaka.

Sasa mtazame huyo aliyefanikiwa. Alichofuata alikipata ndani ya mwaka wa kwanza, pengine ndani ya miezi michache. Miaka iliyobaki ya mkataba alikuwa analipa deni la kitu alichokwisha kukitia mfukoni. Siku anapoitwa kwa sajenti, ile sababu ya kwanza haipo tena. Mwenzake aliyezaliwa Ohio, ambaye babu yake alikuwa askari na baba yake alikuwa askari, huenda bado anayo yake. Wetu anaingia ofisini mikono mitupu. Na mtu asiye na sababu yake mwenyewe hukubali sababu ya yule anayemsemesha.

Anayemsemesha ana bonasi.

Bonasi ya kuongeza mkataba si siri na si kosa. Jeshi hupanga kiasi kulingana na kazi ya askari, cheo chake na miaka anayoongeza. Kazi nyingine hupewa maelfu mengi ya dola, nyingine hazipewi hata senti. Na hapo ndipo napenda watu watulie kidogo wafikiri. Jeshi halitoi bonasi kwa kukupenda. Linatoa pale ambapo watu wa kazi hiyo wanalikimbia au ni vigumu kuwapata. Fundi wa mitambo ya mawasiliano akitajiwa kiasi kinono, ajue kuna mtu uraiani anayemtafuta kwa hamu ileile. Bonasi kubwa ni habari kuhusu thamani yako nje ya lango, na habari hiyo unaletewa bure. Wewe nenda ukaulize huko nje wanalipa nini, halafu urudi ofisini.

Kuna na hesabu zake. Serikali hukata asilimia 22 ya bonasi kama kodi kabla hujaiona, isipokuwa ukisaini ukiwa katika eneo lililotangazwa kuwa la vita, ambako askari wa vyeo vya chini hasamehewi hiyo tu bali hata kodi ya mshahara. Msamaha huo ni sababu mojawapo ya watu kusaini wakiwa ugenini. Tarehe 4 Julai 2008, mjini Baghdad, katika kasri la Al Faw lililokuwa la Saddam Hussein, Jenerali David Petraeus aliwaapisha wanajeshi 1,215 kwa mpigo, wote wanaongeza mkataba. Picha zake zilipendeza, mikono ya kulia juu chini ya ile taa kubwa ya kioo. Sina haja ya kubeza moyo wao. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuwa mzalendo na kuwa na hesabu ya kodi kichwani siku hiyohiyo.

Tena ukivunja mkataba kwa makosa yako mwenyewe, sehemu ya bonasi usiyoitumikia unaweza kudaiwa uirudishe. Kwa hiyo ile nyumba ya Eldoret iliyofika linta, ambayo bonasi imeshaahidiwa kuiezeka mabati, inakuwa imeezekwa kwa fedha ambayo bado unaitolea jasho. Hakuna ubaya. Ila jua hivyo.

Upande wa pili nao una mitego, na hapa nawageukia wale wanaotaka kutoka kwa sababu wamesikia dereva wa malori fulani anapata mara mbili ya sajenti. Mshahara wa askari ukiutazama kwenye karatasi ni mdogo kuliko ulivyo. Juu ya mshahara wa msingi kuna posho ya nyumba kwa wanaoishi nje ya kambi, ambayo hupanda na kushuka kufuatana na mji na familia, na kuna posho ya chakula. Zote mbili hazikatwi kodi. Kuna matibabu ya askari bila malipo, na ya mke na watoto kwa gharama ndogo mno. Kuna siku 30 za likizo yenye malipo kila mwaka, kitu ambacho kampuni nyingi za Marekani hazikijui. Fedha huingia tarehe mosi na tarehe kumi na tano, iwe mvua, iwe jua. Mtu aliyeingia jeshini moja kwa moja kutoka kwa binamu yake Minneapolis hajawahi kulipa bima ya afya ya familia Marekani. Siku ya kwanza atakapoona lile kadirio la bima kutoka kwa mwajiri mpya, na chini yake ule mchango anaotakiwa kuutoa kabla bima haijaanza kulipa chochote, ndipo atakapokumbuka dirisha la dawa la kambini ambapo hakuwahi kutoa pochi.

Kwa hiyo ukilinganisha, linganisha kilichobaki mkononi baada ya kodi, nyumba na hospitali. Mshahara wa kutajwa kwenye simu ni wa kuwafurahisha wajomba.

Halafu kuna ishirini. Askari akitimiza miaka 20 anastaafu na pensheni ya maisha, hata kama ana miaka 40 tu. Waliokuwa chini ya utaratibu wa zamani hupata asilimia 50 ya wastani wa mshahara wa msingi wa miezi 36 iliyokuwa minono zaidi. Aliyeingia kuanzia Januari 1, 2018 hupata asilimia 40, na badala ya kile kilichopunguzwa, serikali humwekea akiba: asilimia 1 ya mshahara wa msingi bila masharti, na hadi 4 nyingine iwapo na yeye anaweka. Badiliko hili wengi hawalipi uzito unaostahili. Zamani aliyetoka mwaka wa nane alitoka bila kitu cha uzeeni. Leo, akishapita miaka miwili, ile akiba anaondoka nayo yote. Mlango wa kutoka umepunguzwa makali, na kubaki nako kumepungua utamu. Angalia pia kwamba ni mshahara wa msingi unaohesabiwa. Zile posho za nyumba na chakula zilizokuwa zinakupendeza haziingii kwenye pensheni.

Mimi msimamo wangu ni huu, na najua wapo watakaonipinga. Mwenye miaka minne, ishirini isimtishe wala isimvute. Iko mbali mno, na akisaini kwa ajili yake anasaini kwa ajili ya mtu ambaye bado hajawa yeye. Mwenye miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, ni habari nyingine. Huyo akitoka kwa hasira za mkuu wa kikosi mmoja, ambaye atahamishwa baada ya miaka miwili, anatupa fedha ambayo hataipata kwingine kokote. Uamuzi ulio huru kabisa ni ule wa mwisho wa mkataba wa kwanza. Kila mkataba unaofuata unaufanya mlango kuwa mzito zaidi. Ndiyo maana nasema huo wa kwanza usisainiwe kwa mazoea.

Tuje kwenye mwili. Watu wetu wengi huingia jeshini wakiwa wakubwa kidogo, baada ya chuo, baada ya miaka ya vibarua. Aliyeanza na miaka 29 atatimiza ishirini akiwa na 49, na magoti yake hayatasubiri. Nayo magoti hayo hayajaandikwa popote. Sisi tumelelewa kwamba mwanamume halii, na jeshi limelikuta hilo tayari, likalitumia. Mgongo ukiuma, mtu anameza vidonge na kukimbia maili zake. Masikio yakivuma baada ya mazoezi ya silaha, anasubiri yanyamaze, na mengine hayanyamazi. Huo mvumo wa masikio ndio unaodaiwa kuliko maradhi mengine yote katika idara ya maveterani ya Marekani, na wenzetu wazaliwa wa huko wanaudai bila haya. Wetu anatoka na faili jembamba, safi kama la kuruta, akidhani huo ni ushahidi wa uaskari bora.

Faili hilo ndilo litakalosomwa. Malipo ya ulemavu uliotokana na utumishi hupangwa kwa asilimia, na mtu hutakiwa aonyeshe kwamba maumivu yalianza akiwa kazini. Dai linaweza kupelekwa kabla hujatoka, kati ya siku 180 na siku 90 kabla ya tarehe yako, na ukifanya hivyo uchunguzi hufanyika ukiwa bado na gwanda. Ukichelewa, fanya ndani ya mwaka mmoja tangu siku uliyotoka, ili malipo yahesabiwe kuanzia siku iliyofuata kutoka kwako. Hata kama unaongeza mkataba, nenda hospitali ya kikosi leo ukaandikishe goti. Sajenti akikucheka, acha acheke. Na yeye ana lake.

Sasa nyumbani. Kwenye fomu kuna sahihi ya askari na ya afisa, lakini mezani huwa kuna watu wengi zaidi. Yupo mama ambaye kijiji kizima humwita Mama Askari. Yupo mdogo wa mwisho anayesomeshwa. Kuna ploti iliyolipiwa nusu. Simu ya Jumapili ikipigwa na kijana akadokeza kwamba anafikiria kuacha, upande wa pili husikika kimya, halafu swali: kwani wamekufukuza? Kwetu ajira ya serikali haiachwi, mtu hufukuzwa au hustaafu. Mama aliyeona vijana wakikanyagana kwenye uwanja wa usajili wa jeshi, wakikaguliwa meno na nyayo, wengine wakidaiwa hongo, ataelewaje kwamba mwanawe anaondoka kwa hiari yake mwenyewe kwenye jeshi la Marekani?

Namwelewa mama huyo. Lakini mama hajui kwamba mke wa kijana ni muuguzi aliyebadilisha kazi kila mume alipohamishwa, na kila alipofika alianza kwenye zamu za usiku kama mgeni. Hajui kwamba mtoto wa miaka saba amesoma shule tatu. Hayo hayasemwi kwenye simu kwa sababu yanaonekana madogo mbele ya linta na mabati. Mke ndiye mtu wa kwanza wa kuulizwa, tena aulizwe kabla fomu haijaletwa nyumbani, maana fomu ikishafika juu ya meza ya kulia chakula, swali linakuwa la kuomba baraka.

Anayetoka asitoke kama mtoro. Kwanza ajue kwamba hajatoka kabisa: sheria inamdai miaka 8 kwa jumla, na aliyetumikia minne hubaki kwenye orodha ya akiba kwa minne iliyosalia. Wakati wa vita vya Iraki watu waliitwa kutoka kwenye orodha hiyo wakiwa tayari wana kazi zao na watoto. Pili, achukue alichokwisha kukilipia. Baada ya miezi 36 ya utumishi kamili, sheria ya masomo iliyoanza 2009 humpa hadi miezi 36 ya chuo, ada pamoja na posho ya nyumba. Miezi hiyo anaweza hata kumhamishia mtoto au mke, ila ombi lifanywe akiwa bado jeshini, awe ametimiza miaka 6 na akubali kuongeza minne. Hapa jeshi lilifikiri sana. Limemshika baba kwa mwanawe. Kama ungeongeza hata hivyo, vizuri, hamisha. Kama minne hiyo inakuchukiza, soma wewe mwenyewe. Baba aliyehitimu naye ni urithi.

Tatu, kuna utaratibu unaomruhusu askari, mkuu wake akikubali, kutumia siku zake za mwisho akifanya kazi kwa mwajiri wa kiraia huku jeshi likiendelea kumlipa. Waliokuwa madereva wa malori jeshini husamehewa jaribio la barabarani wanapoomba leseni ya malori makubwa ya kiraia. Na asiyetaka kukata kamba yote anaweza kuingia jeshi la akiba au Gadi ya Taifa: wikiendi moja kwa mwezi, wiki mbili kwa mwaka, bima nafuu ya familia, na pensheni inayoanza kulipwa kwa kawaida ukifika miaka 60. Wengi wa watu wetu huipita njia hii bila kuitazama, kwa kuwa nyumbani haina jina. Ukisema niko jeshini, wanaelewa. Ukisema niko jeshini Jumamosi na Jumapili, wanadhani unatania.

Kwa wanaowaza kurudi Afrika nina mambo mawili ya haraka. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, ila ofisa wa serikali na mwanajeshi wa Kenya hawaruhusiwi kuwa nao. Mwenye ndoto za ugavana alikumbuke hilo. Tanzania sheria yake haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, kwa hiyo aliyekula kiapo cha uraia kule Fort Jackson hawezi tu kushuka Dar es Salaam na kusema nimerudi kwetu. Malipo ya ulemavu ya Marekani, hata hivyo, yanakufuata popote utakapoishi.

Na uraia huo wenyewe una mkia. Sheria inasema uraia uliopatikana kwa njia ya jeshi unaweza kunyang'anywa, iwapo mtu ataondolewa jeshini bila heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Anayetaka kutoka atoke kwa tarehe yake, kwa karatasi safi. Akiipata ile fomu ya kutolea, DD 214, atengeneze nakala, moja aiweke mbali na nyumba anayoishi.

Anayebaki naye abaki kama mtu anayeuza kitu chenye bei. Fedha ni sehemu moja tu ya yanayoweza kuombwa. Mkataba wa kuongeza unaweza kutaja kituo unachotaka kupelekwa, kozi ya kazi mpya, au kuhakikishiwa kubaki hapo ulipo kwa muda. Maneno ya ofisini, kwamba tutaangalia, kwamba afande analijua suala lako, hayana mtu wa kuyakumbuka akishahamishwa. Kama mkeo amebakiza mwaka mmoja kumaliza chuo cha uuguzi hapo Killeen, jirani na Fort Hood, huo mwaka uandikwe kwenye mkataba kama kipengele, mke ausome mwenyewe, ndipo mwende kutafuta afisa wa kukuapisha.